Uzi kwa koo zenye polipu za kurithi kwenye utumbo mpana: ndugu wasioumwa ndio wa kupimwa

Binti_Korogwe (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisoma nyuzi za humu za vijana wanaopata choo chenye damu. Majibu karibu yote yanafanana: hiyo ni bawasiri, acha pilipili, kula mapapai, kuna mzee ana dawa ya siku saba. Wengi kweli wana bawasiri, sibishi. Ila kuna familia ambazo jibu hilo limezika watu, na yangu ni mojawapo. Ndiyo maana nimeamua kuandika kirefu.

Baba yetu alifariki akiwa na miaka 41. Shangazi, dada yake baba, alimtangulia akiwa mdogo zaidi. Wote waliambiwa ni tumbo. Kaka yetu mkubwa alipoanza kutokwa na damu alitibiwa bawasiri kwa muda mrefu, maduka ya dawa, kwa waganga na hospitalini, mpaka alipokonda na kuishiwa damu ndipo akapimwa kwa kamera. Utumbo mpana wote ulikuwa umeota polipu, yaani vile vinyama vinavyochipua kwenye ukuta wa ndani, mamia kwa mamia kama uyoga baada ya mvua. Kimoja kilishageuka saratani, na saratani ilishafika kwenye ini.

Daktari bingwa aliyempokea mwishoni ndiye wa kwanza kuuliza: nani mwingine kwenu alikufa na tumbo angali kijana? Akachukua karatasi akachora babu, bibi, watoto wao na wajukuu. Kisha akaagiza sote wadogo zake tuje tupimwe, hata tusioumwa. Mimi sikuwa na dalili hata moja, na nilikutwa nazo. Nikafanyiwa upasuaji kabla polipu hazijaharibika. Leo nipo, nafanya kazi. Ugonjwa huu unazuilika, lakini nafasi kubwa ya kuuzuia ipo kwa ndugu ambaye bado hajaumwa. Akija na damu, mara nyingi amechelewa.

Madaktari wanauita FAP. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni iitwayo APC, iliyoko kwenye kromosomu ya 5, ambayo wanasayansi waliitambua mwaka 1991. Kazi yake ni kuzizuia seli za ukuta wa utumbo zisizaliane ovyo. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Aliyerithi nakala moja mbovu anabaki na moja nzima, na hiyo inamtosha, isipokuwa katika seli moja moja kati ya mamilioni ambamo ile nzima nayo huharibika. Kila seli iliyopoteza zote mbili huanzisha polipu yake. Ndiyo sababu haziwi mbili tatu, zinakuwa mamia na hata maelfu.

Mzazi akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi, wa kike na wa kiume sawa. Haina maana kwamba ukizaa wanne watapata wawili. Wanaweza kurithi wote au asirithi hata mmoja. Ambaye hakurithi hana cha kuwapa wanawe, kwake umekatika. Tena takriban robo ya wagonjwa hawana mzazi aliyeugua, hitilafu imeanzia kwao. Hao wasijifariji kwamba ukoo ni safi, maana watoto wao wako kwenye nafasi ile ile ya 1 kati ya 2.

Polipu huanza kuonekana kwa wastani kwenye miaka 16. Zikiachwa, saratani hutokea kwa wastani karibu na miaka 39, na wachache mno huvuka 50 bila kuipata. Ipo aina nyepesi ambayo polipu hazifiki 100 na saratani huchelewa, lakini nayo inaua.

Jambo linalonigusa ni kwamba watu walijua namna ya kuuzuia hata kabla ya kuijua jeni. Mwaka 1924, katika hospitali ya St Mark's jijini London, daktari wa upasuaji John Percy Lockhart-Mummery na mwanapatholojia Cuthbert Dukes walianza kuandikisha familia ambazo polipu hizi zilikuwa zikijirudia. Kijana wa miaka 17 aliyeajiriwa kama msaidizi wa maabara, H. J. R. Bussey, ndiye akaja kuitunza rejesta hiyo kwa miongo mingi: nani kazaliwa, nani kaolewa, nani hajaja kupimwa. Rejesta ipo mpaka leo. Denmark nao wakaanzisha ya nchi nzima mwaka 1971, na walipolinganisha, tofauti ilikuwa kubwa: waliokuja wenyewe kwa sababu ya dalili, zaidi ya nusu walikuwa tayari na saratani, walioitwa kwa sababu ndugu yao anaugua, wenye saratani walikuwa wachache sana. Ugonjwa ule ule, nchi ile ile, madaktari wale wale. Hawa waliitwa mapema, wale hawakuitwa.

Kwetu rejesta ya taifa sijaiona. Lakini kila ukoo una mtu anayeshika daftari la michango ya misiba na harusi. Huyo huyo aongeze ukurasa mmoja: majina, miaka ya kuzaliwa, nani kapimwa, lini, majibu gani, anarudi lini.

Maswali karibuni.

Mzee_wa_Gati:

Pole sana binti kwa kaka na wazazi. Nimeusoma wote. Swali langu naliuliza kwa heshima. Kwetu pia walikufa ndugu watatu wa tumbo moja, na wazee walisema ni mambo ya kutupiwa, kwa sababu watoto wa mke wa pili wa baba hawakuguswa hata mmoja. Hilo linaelezwaje?

Binti_Korogwe:

Ahsante mzee wangu, shikamoo. Umenigusa, kwa sababu kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Babu alikuwa na wake wawili. Watoto wa bibi mkubwa ndio waliokufa, wa bibi mdogo wakawa wazima, basi lawama zote zikamwangukia bibi mdogo. Ameishi miaka mingi akisengenywa, na wapo ndugu waliokataa hata kula kwake.

Daktari alipochora ule ukoo mambo yakaonekana. Bibi mkubwa mwenyewe alifariki mapema, akaacha watoto wadogo. Hitilafu ilikuwa kwake, si kwa babu. Watoto wa bibi mdogo hawakuwa na pa kuirithi. Wazee waliona sawasawa kwamba ugonjwa unafuata tumbo moja na kuacha lingine. Walichokosa ni sababu. Baada ya hapo baba mdogo alikwenda kumwomba radhi bibi mdogo mbele ya familia.

Kwa hiyo mzee, hao ndugu watatu wa tumbo moja, kama walikufa wakiwa vijana na kulikuwa na damu chooni, nakusihi watoto wao watafutwe. Sisemi lazima iwe FAP, yapo magonjwa mengine ya kurithi yanayoleta saratani ya utumbo. Daktari atatofautisha.

MamaZuhura_Likoni:

Dada ahsante. Mimi niko Mombasa. Mume wangu alifanyiwa upasuaji mwaka jana, kwenye karatasi waliandika polipu zaidi ya mia tano. Nina watoto wa miaka 8 na 13. Hakuna aliyetuambia habari ya watoto. Nimeshtuka hapa nilipo. Nao watakatwa utumbo sasa hivi?

Dkt_Zamu_ya_Usiku:

Mama Zuhura, pole, na usishtuke. Mimi ni daktari wa upasuaji, kanda ya ziwa. Hapana, hawakatwi sasa. Kwanza tunajua nani amerithi, kisha tunamfuatilia aliyerithi, na upasuaji unakuja wakati wake, mara nyingi mwishoni mwa ujana au miaka ya mwanzo ya 20. Huwahishwa polipu zikiwa nyingi sana au kubwa, zikianza kutoa damu, au maabara ikionyesha zinaelekea kuharibika.

Huyu wa miaka 13 umri wake umefika. Mwongozo wa Ulaya unasema vipimo vianze miaka 12 hadi 14, wa Marekani 10 hadi 15. Wa miaka 8 anaweza kusubiri, ila akitokwa na damu au kuharisha kusikoisha apelekwe bila kujali umri.

Naongeza jambo ambalo wengi hawalijui na linapunguza gharama. Kwenye FAP ya kawaida, polipu karibu hazikosekani kwenye puru, yaani kile kipande cha mwisho kabisa karibu na njia ya haja kubwa, na kwenye sehemu ya utumbo mpana iliyo jirani nacho. Kwa hiyo mtoto anaweza kuanza na kamera fupi, inayofika sentimita 60 hivi, akiandaliwa kwa enema tu, yaani maji ya kusafisha yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, bila kunywa zile lita za dawa ya kuharisha. Zisipoonekana, anarudi kila baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Zikionekana, ndipo utumbo wote unapimwa kwa kamera ndefu. Ile aina nyepesi ni tofauti: polipu zake hupenda upande wa kulia, mbali, kamera fupi haizifikii. Familia hizo huanza kwa kamera ndefu kwenye miaka 18 hadi 20.

Kipimo cha jeni ni kizuri sana kikipatikana. Kwetu mara nyingi sampuli husafirishwa nje na bei si ndogo. Ushauri wangu ni aanze mgonjwa mwenyewe, yaani mume wako. Hitilafu ya familia ikishajulikana, watoto hutafutiwa hiyo hiyo moja, na kazi inakuwa nyepesi. Mtoto asipokutwa nayo anaondoka kwenye orodha na hahitaji kamera za kila mwaka. Lakini mume akipimwa na isionekane kitu, msiseme watoto wamepona. Hapo wote wanaendelea na kamera.

Kama jeni haiwezekani kabisa, mpeleke mtoto kwa daktari wa macho, awekewe dawa ya kutanua mboni, aangaliwe nyuma ya jicho. Familia nyingi zenye FAP, ingawa si zote, huwa na madoa meusi kwenye retina tangu kuzaliwa. Hayaumizi wala hayapofushi. Yakiwa mengi na kwenye macho yote mawili ni ishara nzito. Yasipokuwepo hayathibitishi usalama. Angalia pia uvimbe mgumu wa mfupa kwenye taya au paji la uso, meno ya ziada, na vivimbe chini ya ngozi kwa mtoto mdogo. Nilishampata mgonjwa kupitia daktari wa meno.

MamaZuhura_Likoni:

Mungu akubariki daktari. Huyu wa 13 ana kinundu kigumu kwenye taya tangu mdogo. Tulidhani ni jino.

Dkt_Zamu_ya_Usiku:

Basi mama usingoje likizo ya shule. Nenda na karatasi ya patholojia ya baba yake mkononi, yaani majibu ya maabara ya utumbo uliotolewa, si kwa maneno tu. Mwambie daktari: baba ana FAP, mtoto ana uvimbe wa mfupa kwenye taya, naomba rufaa ya kamera.

Shamba_Darasa:

Naomba kuuliza kuhusu chakula. Nimesoma mahali kwamba ndizi mbichi na wanga wake unazuia saratani ya utumbo, pia aspirini. Kwa nini watu wakatwe badala ya kutumia hivyo?

Dkt_Zamu_ya_Usiku:

Swali zuri, na limeshafanyiwa utafiti kwa watu wenyewe. Kuna jaribio lililoongozwa na John Burn wa Uingereza, matokeo yake yalitoka mwaka 2011. Vijana wenye FAP wa miaka 10 hadi 21 walipewa aspirini, au wanga sugu, yaani ule usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, au vyote viwili. Idadi ya polipu haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa.

Dawa za kundi la kutuliza maumivu zina nguvu zaidi. Sulindaki ilionyeshwa mwaka 1993 kwamba inapunguza idadi na ukubwa wa polipu, ila mgonjwa akiacha zinarudi. Selekoksibu kwa dozi kubwa ilipunguza idadi kwa 28% katika utafiti wa mwaka 2000. Sasa fikiria mwenye polipu 500: ukimpunguzia 28% amebaki na 360, na inatosha moja tu kuharibika. Juu ya hapo dawa hizo zina hatari zake kwa moyo, figo na tumbo. Tunazitumia kwa baadhi ya wagonjwa, hasa kutuliza polipu za puru baada ya upasuaji, chini ya uangalizi. Hazichukui nafasi ya kamera wala ya upasuaji. Ndizi kula, ni chakula kizuri. Ila usimwachishe mtu kliniki kwa sababu ya ndizi.

Kijana_wa_Mbagala:

Mimi ni mmoja wao. Nina miaka 22, nimeambiwa utumbo mpana utolewe. Ninachoogopa ni mfuko wa choo ubavuni. Sijaoa. Nimeacha kwenda kliniki tangu waliponiambia.

Binti_Korogwe:

Mdogo wangu, ahsante kwa kusema. Hofu yako naijua vizuri, nami nililia usiku mwingi. Ngoja nikueleze nilivyo leo.

Walinitoa utumbo mpana wote wakaacha puru, wakaiunganisha na utumbo mwembamba. Sina mfuko. Kwangu iliwezekana kwa sababu polipu za puru zilikuwa chache. Miezi ya mwanzo choo kilikuwa majimaji na nilikuwa naogopa kupanda daladala kwenda mbali. Mwili ukazoea. Sasa naenda chooni mara tatu au nne kwa siku, nakula ugali, wali, samaki. Maharage na kabichi napunguza kwa sababu ya gesi. Nimeolewa baada ya upasuaji na nimezaa. Mume wangu nilimweleza kabla ya mahari, pamoja na habari ya watoto na ile nafasi ya 1 kati ya 2. Aliuliza maswali mengi, akaenda na mimi kwa daktari.

Gharama ya kubakiza puru ni kwamba kila miezi 6 hadi 12 naingizwa kamera, maana polipu huota tena hapo. Huo ni wajibu wa maisha yote. Wapo walioacha wakajiona wamepona, na saratani ikawatokea kwenye hako kapande kalikobaki.

Puru ikiwa imejaa polipu, wanaitoa nayo na kutengeneza kifuko ndani kwa utumbo mwembamba. Namwachia daktari aeleze.

Dkt_Zamu_ya_Usiku:

Upasuaji huo wa kifuko cha ndani ulielezwa na Parks na Nicholls mwaka 1978, pale pale St Mark's. Mgonjwa hujisaidia kwa njia ya kawaida, mara tano sita kwa siku. Mara nyingi huwekewa mfuko wa nje wa muda, miezi michache, kidonda cha ndani kipone, kisha unafungwa. Kwa binti ambaye bado anataka kuzaa tunapima sana, kwa sababu kupasua chini kwenye nyonga kunaweza kupunguza uwezo wa kushika mimba. Kwa mwanaume kuna mishipa ya fahamu ya tendo la ndoa, lazima mpasuaji aijue kazi yake. Mfuko wa kudumu hubaki kwa wachache, hasa saratani ikiwa imeshakaa chini kabisa. Kijana wa Mbagala, ukichelewa ndipo unausogelea huo mfuko unaouogopa.

Na baada ya upasuaji msisahau sehemu nyingine. Kamera ya juu, ya tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba, ianze kwenye miaka 20 hadi 25, kwa sababu huko nako polipu huota. Tezi ya shingo ipimwe kwa utrasaundi, hasa wanawake. Na uvimbe mgumu kwenye kovu au ndani ya tumbo uonyeshwe haraka. Kuna uvimbe uitwao desmoidi, si saratani ya kusambaa, lakini hukua na kubana utumbo na figo, na upasuaji wenyewe unaweza kuuchochea. Ndugu yenu akiwahi kuupata, mwambieni daktari kabla hajapanga upasuaji, inaweza kubadili muda anaouchagua.

Kijana_wa_Mbagala:

Nimeelewa. Jumatatu nakwenda.

Mtoto_wa_Uvinza:

Uzi mzuri, lakini huku kwetu hospitali yenye kamera ni safari ya siku nzima. Mnawaambia watu warudi kila mwaka kwa nauli ipi?

Dkt_Zamu_ya_Usiku:

Una haki kabisa. Nina mfano mmoja wa Afrika hii hii. Afrika Kusini kuna koo za Northern Cape zenye ugonjwa mwingine wa kurithi, uitwao Lynch, ambao nao unaleta saratani ya utumbo. Timu ya hospitali ya Groote Schuur ya Cape Town ilianza kusafiri na kamera zake kwenda huko, ikipima ndugu wote kwa mpangilio badala ya kila mtu kufunga safari. Kwetu madaktari bingwa huwa wanafanya ziara za mikoani. Ukoo ukienda kwa mganga mkuu wa mkoa na orodha ya majina ishirini yenye umri na uhusiano, ombi lake lina uzito kuliko mgonjwa mmoja mmoja. Na pale mnapolazimika kusafiri, pangeni tarehe moja, mchangie gari moja.

Mtoto_wa_Uvinza:

Na wale wanaokataa? Baba mkubwa anasema kutafuta ugonjwa ni kuuita.

Binti_Korogwe:

Kwetu pia walikataa. Kilichosaidia ni kutowaita kwenye kikao cha kuwatisha. Nilimwomba baba mdogo, ambaye wote wanamsikiliza, ndiye atume ujumbe kwenye kundi la familia. Wengine nilikwenda kwao nikakaa nao. Wanaokataa wenyewe niliwaomba angalau wawaruhusu watoto. Ujumbe naubandika hapa, badilisheni majina mtumie:

"Ndugu zangu, assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Mtoto wetu amegundulika na ugonjwa wa utumbo mpana uitwao FAP. Unarithiwa kutoka kwa mzazi, hauambukizi, na hakuna aliyemfanyia mwenzake. Tunaamini ndio uliomchukua marehemu kaka na marehemu dada. Daktari anaomba watoto wote wa bibi mkubwa, na wajukuu waliotokana nao waliofikisha miaka 12, wapimwe hata kama hawaumwi. Anayetokwa na damu chooni asingoje umri. Aliyeolewa mbali apelekewe habari na aliye karibu naye. Picha ya karatasi ya patholojia nimeiweka chini, mwonyesheni daktari yeyote mtakayemwona. Majina mnitumie mimi, nayaandika kwenye daftari. Nauli ya asiyenayo tutachanga."

Karatasi ya patholojia ndiyo muhimu kuliko maneno yote. Mgonjwa akitoka hospitali ombeni nakala, na kwenye picha ficheni namba zake za simu na za bima.